Frasila Mbili kwa Mkwe

Sikumpenda Oluka. Naanza na hilo ili mtu asije akanipamba kwa wema nisio nao. Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu Anjeline, kijana wa maneno mengi na viatu vya kung'aa, na kazi yake ilikuwa magendo. Sabuni na sukari alizivusha kwenda Uganda, na kahawa alirudi nayo. Mwaka huo wa sabini na sita nusu ya Malaba ilikuwa inanenepa kwa kahawa isiyo yake, na mtu mwenye mshahara wa halali kama mimi alionekana zuzu.

Mimi ni Emukule, mzaliwa wa Angurai. Nilikuwa askari wa wanyama katika hifadhi ya Mlima Elgon tangu ilipofunguliwa mwaka wa sitini na nane. Nyumbani kwangu ni Malaba, mwendo wa nusu saa kutoka daraja la mpakani, na huko ndiko alikoishi mke wangu Roselida. Mimi nilishinda mlimani, nikirudi siku chache kila mwezi kula chakula cha mtu aliyeoa.

Asubuhi isiyo na mawingu mlima huonekana wote kutoka uani kwetu, na majirani hudhani ni jabali tupu lililowekwa pale kuleta mvua. Hawajui kitu. Ukipanda, kwanza unakutana na podo na mitarakwa ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaikumbatii. Juu yake mianzi, ambako mbega hukucheka na nyati hukusubiri. Juu zaidi hakuna miti tena, ni nyasi na baridi na mimea minene ya ajabu iliyosimama mmoja mmoja, na asubuhi maji yameganda kwenye sufuria. Na ubavuni, katikati ya msitu, kuna mapango.

Zamani watu waliishi humo na ng'ombe wao. Vita vikija, walisukuma mifugo ndani, wakaziba mlango kwa magogo, adui akabaki nje akipiga kelele. Mzungu akaja akawaambia watoke, wajenge mahali anapoweza kuwahesabu. Kisha ikaja hifadhi, na wajukuu wa watu hao wakawa wanakamatwa kwa kukata mianzi. Mimi mwenyewe nimewakamata. Mzee mmoja niliyemfunga kamba ndiye aliyekuwa amenionyesha njia za mlima, na sikuona haya kumfunga.

Walichokipenda watu na ng'ombe katika mapango yale ni chumvi iliyo ndani ya mwamba, na ndovu nao huipenda. Huingia gizani mmoja nyuma ya mwingine, wakipapasa kwa mikonga, popo wakiwapigapiga vichwani, mpaka ndani kabisa ambako mtu bila taa haoni mkono wake. Huko hubandua mwamba kwa meno yao, wakausaga, wakaumeza. Kuta zote zina mikwaruzo ya meno hayo, ya juzi na ya mababu. Kwa sababu hiyo ndovu wa mlima wetu hawana meno ya fahari. Yamelika kama jembe la mjane.

Mimi nililijua hilo. Salim hakulijua.

Salim alikuwa mchukuzi wa Busia, mwenye lori moja bovu na marafiki pande zote mbili za mpaka. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili mwezi wa sita, nikiwa nimeketi uani nikinoa panga. Hakutaka kiti.

"Mzee Emukule, huyo kijana yako wameshika. Ako kwa kambi ya jeshi huko ng'ambo, na magunia yake yote."

"Amekufa?"

"Ako hai. Lakini mwisho wa mwezi wanabeba wafungwa, wanapeleka mbali, na huko hakuna mtu anarudi. Nimeongea na kapteni mmoja. Pesa hataki. Ile yao ni karatasi ya kufunga njugu, yetu anaogopa kushikwa nayo. Anataka meno ya ndovu. Frasila mbili, kama kilo thelathini hivi, anafungua mlango."

"Na kwa nini umeniletea mimi?"

"Boss, wewe ndiye unalala na hao ndovu."

Nilimwambia aondoke kabla sijamkata. Nilimaanisha. Miaka minane nilikuwa nimefukuza watu wa namna yake msituni, na wawili nilikuwa nimewapiga risasi za miguu. Lakini Anjeline alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alikuja na mimba yake ya miezi saba, akaketi chini kwenye vumbi, akashika buti zangu.

"Baba, ndovu ni mnyama."

"Ni mnyama wa serikali."

"Ni mnyama, baba. Mimi ni mtoto yako. Unatupima na mnyama?"

Watoto wengine wawili nilikuwa nimewazika. Huyu ndiye aliyebaki, na alikuwa analia juu ya viatu vyangu. Salim alisimama langoni, akachezea funguo za lori.

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, mzee," akasema.

Nilipanda mlimani Jumatatu. Mwenzangu wa doria alikuwa ameteremka kwa likizo ya majuma mawili, kwa hiyo nilibaki peke yangu na bunduki ya serikali. Ilikuwa bunduki ya risasi nyembamba, ya kutishia majangili. Ndovu huangushwa kwa risasi nene. Kwa nyembamba unamtoboa tu, isipokuwa umejua mahali.

Kulikuwa na jike mzee niliyemwita Ajuza. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, na jino lake la kulia lilikuwa limelika zaidi ya la kushoto, maana ndovu naye ana upande wake wa kufanyia kazi. Nilimfuata miaka yote minane. Nilikuwepo mwaka mtoto wake alipotumbukia katika ufa ulio ndani ya pango. Siku mbili alisimama ukingoni akimpapasa kwa mkonga, mpaka mtoto akanyamaza. Alikuwa amenizoea. Upepo ukimpelekea harufu yangu alitikisa kichwa na kuendelea kula. Sijawahi kumwambia mtu, lakini kuna siku nilimsalimia kabla sijamsalimia mke wangu.

Aliongoza wenzake watatu, majike waliokomaa, na mtoto mmoja wa mwaka na ushei. Niliketi kwenye majabali mdomoni mwa pango, na kulipopambazuka wakatoka. Yeye alitangulia. Mwanga ulimpiga machoni, akasimama, nami nikampiga kati ya jicho na sikio. Hakuanguka. Alinyoosha mkonga upande wangu kunusa ni nani, na naamini alipata jibu, kwa sababu hakunishambulia. Alisimama tu. Ilichukua risasi sita, na zote alizipokea akiwa amenielekea. Wenzake walimpita wakikimbia, mmoja akamkanyaga.

Kazi ya shoka sitaieleza sana. Itoshe kujua kwamba theluthi ya jino imo ndani ya uso, na mwenye shida haachi theluthi.

Salim alikuwa akinisubiri barabarani na lori lake la viazi. Alitundika mzani wa kahawa kwenye ubao wa lori, akapima, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Mzee, hii ni ya ndovu ama ya nguruwe?"

"Ndovu wa mlima ni hivyo. Wanachimba mawe."

"Hii yote ni nusu frasila. Kapteni hajui habari ya kuchimba. Kapteni anajua mzani."

"Basi piga hesabu wewe."

"Nimepiga," akasema Salim. "Bado watatu."

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwua Ajuza, na nikiacha, Ajuza atakuwa amekufa kwa bure. Niliona hivyo wakati ule, na nilijiona mwerevu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilisubiri siku tisa. Nilijua watarudi. Chumvi ni njaa, na hawa hawakuwa na mwingine wa kuwaonyesha pango jingine, kwa kuwa aliyejua njia zote nilikuwa nimemwua. Walirudi. Mizoga ya wanyama mlimani huliwa upesi, na pale mlangoni pa pango ilikuwa imebaki mifupa na ngozi ngumu. Walisimama wote wanne, wakubwa na mtoto, wakaigusa ile mifupa kwa mikonga, polepole, wakaingiza ncha za mikonga hata kwenye matundu niliyoyapasua kwa shoka. Kisha wakaingia ndani kula chumvi yao. Mimi nikajaza risasi.

Asubuhi njia ya kutoka ni nyembamba, jabali huku na jabali huku. Nilimwua wa kwanza ili azibe njia. Wa pili na wa tatu wakakwama nyuma yake, wakapanda juu yake, wakateleza, wakalia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, nikapiga kama mtu anayepiga mihuri. Wa mwisho alichukua muda kufa, nami sikummaliza, kwa sababu risasi zilikuwa chache na wao hawakuwa wa mwisho kuhitaji risasi duniani.

Mtoto nilimwacha, hakuwa na jino. Alijaribu kunyonya kwa mama yake. Nilipobeba gunia la kwanza alinifuata, pengine kwa sababu nilikuwa na harufu ya mama yake mwili mzima, akawa anakuja nyuma yangu mpaka karibu na barabara. Nilimrushia jiwe, na la pili, akarudi. Kesho yake niliona alipofikwa na fisi.

Katika ripoti niliandika kwamba majangili wa kutoka upande wa pili wameua ndovu wanne. Mkubwa wangu alisikitika sana, akanipa pole, na akaniongezea risasi.

Pembe zilishuka hadi Busia chini ya magunia ya viazi, zikavuka kwa namna aliyoijua Salim. Jumatano alikuja Malaba na jibu. Kapteni ameridhika. Ijumaa saa nne asubuhi mfungwa atatolewa kwenye kizuizi cha ng'ambo ya daraja.

"Lakini hawataki mwanaume," akasema Salim. "Mwanaume akivuka, wanabaki na yeye. Hata mimi wamenikataza. Aje mama mmoja, mzee, aseme huyu ni wetu, achukue aende. Na wewe usionekane darajani. Polisi wetu wanajua uso yako, wataanza kuuliza askari wa wanyama anangoja nini hapo."

Anjeline akainuka kutafuta leso. Nilimwambia aketi. Mimi sipeleki binti mwenye mimba mbele ya wanajeshi wale, na kila mtu wa Malaba alijua sababu. Mama yake Oluka alikuwa amekufa zamani, na dada hakuwa naye. Alibaki Roselida.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Mama mkwe na mume wa binti hawaangaliani. Ni haya, na ni kubwa. Kwetu Wateso ipo, na kwao Roselida, kule Matayos, ina uzito kuliko ibada ya Jumapili. Oluka akija kwetu alikohoa langoni, na Roselida akaingia jikoni, au akamgeuzia mgongo na leso kichwani. Oluka aliusalimia mgongo ule akitazama chini, mgongo ukaitikia. Hawakupeana mkono, hawakula mahali pamoja. Kuna mbuzi wa kuipunguza haya hiyo, ila mbuzi wa Oluka alikuwa wa kuahidiwa tu. Miaka mitatu ya ndoa, na ungemwuliza Roselida mkwe wake ana pua ya namna gani, angekukasirikia kwa swali lenyewe.

"Nitamwangaliaje mkwe, Baba Anjeline?" aliniuliza usiku ule tukila.

"Huendi kumwangalia. Unaenda kumchukua."

Maneno hayo ni yangu. Sikuyapata kwa mtu.

Ijumaa alijitanda leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, akabeba kikapu cha mboga kama mama yeyote anayevuka kuuza, akaenda. Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye, tena na tena, mpaka nikamkataza. Kwenye kizuizi kulikuwa na meza, na juu yake kitabu. Sajini alifungua kitabu, akapiga kelele, na askari wawili wakaleta mtu. Roselida alivuta leso ikamfunika uso, akageukia pembeni. Alichokiona ni miguu tu, mitupu, iliyovimba, ya mwanamume.

"Mama, huyu ndiye Oluka wako?"

"Ndiye mkwe wangu, baba."

"Mbona humwangalii?"

"Si adabu yetu, baba."

Walicheka, kisha sajini akaandika kitabuni na kuwaambia wapotee.

Alitangulia yeye, na yule mtu akafuata nyuma, hatua kama kumi, kichwa kimeinama. Walivuka daraja hivyo. Polisi wetu hawakuwauliza kitu. Na Roselida, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahi. Alisema moyoni kwamba mateso yamemfundisha mkwe adabu, maana zamani alikuwa akitembea karibu mno na kupiga mluzi. Alianza kusema na hewa iliyo mbele yake, kama ifaavyo, ili wa nyuma asikie. Kwamba Anjeline hajambo. Kwamba mtoto anacheza tumboni. Kwamba baba amehangaika sana. Nyuma yake sauti ikajibu, "Ndiyo, mama." Hakujibu zaidi ya hapo.

Mimi na Anjeline tulikuwa tumesimama uani. Alipomwona mama yake akipinda kona ya mkonge alikimbia, ameshika tumbo kwa mikono miwili, akimwita mumewe kwa jina. Kisha akasimama. Nilidhani amechomwa na mwiba.

"Mama," akasema, "huyu ni nani?"

Roselida akageuka, na kwa mara ya kwanza akamwangalia.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mfupi kuliko Oluka, ndevu zimekatwa ovyo na jicho moja limefunga kwa uvimbe. Alipiga magoti pale pale kwenye lango.

"Mzee, naomba maji kwanza," akaniambia. "Halafu nitasema yote."

Roselida alimpa maji, na akamletea ugali wa asubuhi. Alikula matonge mawili, akasema. Yeye alikuwa amefungwa chumba kimoja na Oluka, watu ishirini mahali pa watu wanne. Asubuhi ile mlango ulifunguliwa, wakaita jina la Oluka.

"Yeye alikuwa na homa. Alikuwa amelala. Wakaita tena, mara ya pili. Mimi nikasimama."

"Hukumwamsha?" nikamwuliza.

Alifikiri. Nilitaka aseme uongo, aseme alimwamsha akakataa, aseme askari walimsukuma.

"Nilikuwa nataka kwenda nyumbani," akasema.

"Na kwa nini hukukimbia njiani?"

"Mama alikuwa ananiambia habari ya mtoto. Nikaona nikikimbia, hamtajua mtu yenu bado ako hai. Ako hai, mzee. Pengine bado mnaweza kumtoa."

Nimekutana na watu wema wachache maishani, na huyu alikuwa mmoja wao, na nilimchukia kwa kiasi ambacho sijawahi kumchukia mtu mwovu. Ndovu wanne. Nilisema hivyo kwa sauti, ndovu wanne, naye hakunielewa. Nilimpiga kofi. Nikampiga tena. Halafu nikachukua kamba ya ng'ombe nikamfunga mikono.

"Baba Anjeline, mwache," Roselida akasema. "Huyu ni mtoto wa mtu. Kosa ni langu, ni mimi nilisema ndiye."

"Mrudishe," akasema Anjeline. Hakuwa analia tena. "Mrudishe mkabadilishane, kabla hawajabeba wafungwa."

Sikupita darajani kwa sababu ya polisi. Niliteremka naye njia ya panya, chini zaidi, mahali ambapo mto Malaba hufika mapajani na wanajeshi wa ng'ambo hukaa wakivizia watu wa kahawa. Alitembea vibaya kwa sababu ya miguu yake. Njiani aliniambia ana mke. Nikamwambia hata Oluka ana mke. Aliniambia nimruhusu apite tu, atatafuta ndugu zake wachange kitu cha kumtoa Oluka. Nikamwambia anyamaze. Sikumwuliza jina. Nilijua nikilijua itakuwa vigumu.

Wanajeshi walikuwa watatu, chini ya mti. Nilipiga kelele kutoka upande wetu nikisema mimi ni baba mkwe wa Oluka, na kwamba wamemtoa mtu asiye yeye. Mmoja akaenda. Tulingoja muda mrefu, mimi na mfungwa wangu tukiwa tumeketi kwenye nyasi. Hatimaye sajini wa kizuizini akaja, na kitabu chake kwapani.

"Ssebo, bwana mzee, unasumbua watu. Mama alisema ni yeye."

"Mama hakumwangalia!"

"Sasa hiyo kosa ni ya nani?"

"Huyu hapa namrudisha. Nipeni wangu."

Alizungumza na wenzake kwa lugha yao. Kisha akanipungia mkono, kwa upole kabisa, kama mtu anayekaribisha mgeni.

"Mlete."

Nilimsukuma majini. Alifika katikati akageuka, maji yakimvuta nguo, na akapaza sauti, si kwangu tu, kwa kila mtu aliyekuwa anafua au kunywesha ng'ombe upande wetu.

"Mimi ni Methuselah, wa Namboboto! Mwambieni mke wangu Eucabeth! Methuselah wa Namboboto!"

Walimvuta kwa ile kamba niliyomfunga mimi. Sajini akageuka aende zake, kitabu kwapani.

"Na Oluka?" nikaita.

"Oluka?" Alisimama. Nadhani alikuwa ameingojea furaha hiyo. "Oluka ametoka leo, saa nne. Imeandikwa kwa kitabu. Unataka atoke mara ngapi?"

Wakampeleka Methuselah nyuma ya matete. Nilikuwa bado nimesimama mlio uliposikika, mmoja. Nimeishi na bunduki, na najua mlio wa kutisha na mlio wa kumaliza. Waliokuwa wanafua waliokota nguo zao mbichi wakaondoka.

Oluka hakurudi. Mwisho wa mwezi magari yalibeba wafungwa, kama Salim alivyosema. Serikali ile ilipoanguka miaka mitatu baadaye, Salim alienda mpaka kambini akakuta kuta na mavi ya mbuzi. Anjeline alizaa mvulana na bado anaishi nasi. Mimi ananipa chakula, ila hajaniita baba tena.

Lakini ninalotaka kulisema ni la majuma mawili baada ya siku ile ya mtoni. Nilikuwa nimeshuka tena nyumbani. Mwanamke mmoja alibisha langoni mchana, mwembamba, vumbi hadi magotini, jogoo mwekundu kwapani na mfuko wa unga wa wimbi kichwani. Aliuliza kama hapa ndipo kwa mama aliyevusha mtu darajani Ijumaa ile.

"Mimi naitwa Eucabeth," akasema. "Nimetoka Namboboto. Kuna mama wa kwetu anauza ndizi hapo darajani. Aliona bwana yangu kwa macho yake, akivuka nyuma ya mama mzee. Nimeuliza nyumba kwa nyumba siku tatu."

Aliuweka unga chini, akampigia Roselida magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, umemtoa. Hukumjua na umemtoa. Mungu akuzidishie."

Roselida alinitazama. Midomo yake ilikuwa imefunguka, na niliona kabisa kwamba atasema, kwa hiyo nikawahi.

"Alivuka, ndiyo," nikasema. "Akanywa maji hapa, akaenda zake. Hatukumwuliza anaelekea wapi."

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa anatembea."

"Basi amejificha," akasema Eucabeth, akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Ni mwoga wa polisi huyo. Atakuwa kwa ndugu yake huko Matayos. Atakuja tu. Kama anatembea, atakuja."

Alikataa kuketi, maana alitaka kufika nyumbani mapema, asije mumewe akakuta mlango umefungwa. Roselida alimsindikiza mpaka barabarani, nami nikawatazama kutoka langoni mpaka wakaagana. Hakumwambia. Alirudi, akamchukua yule jogoo, akamchinja, akampika. Roselida na Anjeline hawakumgusa. Mimi nilikuwa na njaa, nikala.